Shingo ya Nyar Soi

Joash Ochola alikuwa askari wa wanyamapori mwenye kilo zaidi ya mia, na katika mbuga nzima ya Ruma hakuna kitu kilichomtia woga, si nyati wala chatu, isipokuwa mama mkwe wake. Si kwamba mama huyo alikuwa mkali, la. Ni desturi tu. Mwanaume wa Kijaluo hakai pamoja na maro, yaani mama mzaa mke. Hampi mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani lazima mmoja atafute kichaka. Sasa Joash, kwa bahati yake mbaya, alikuwa amepelekwa kazini karibu na Magunga, ukweni kabisa! Siku za soko alizunguka nyuma ya maduka kama mwizi wa kuku. Miaka minne ya ndoa, na bado hakujua kama mkwewe huyo, Mama Caren, anampenda au anamvumilia tu kwa ajili ya binti yake.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, akili yake yote ilikuwa kwa Nyar Soi. Nyar Soi alikuwa twiga. Aliletwa kwa lori kutoka pande za Soi, na askari wakamwita kwa jina la kwao, yaani binti wa Soi, vile wanavyoitwa wanawake walioolewa kutoka mbali. Joash ndiye aliyempokea akishuka kwenye lori huku akitetemeka, na tangu siku hiyo ole wako umseme vibaya mbele yake. Sasa tanzi la waya la wawindaji haramu lilikuwa limemkaza mguu wa mbele, juu kidogo ya kwato. Mguu ulikuwa umevimba, ukaanza kunuka. Na alikuwa na mtoto anayenyonya. Mama akifa, mtoto naye amekwenda.

Daktari wa wanyama alifika na bunduki yake ya sindano. Aliitwa Rispa, binti wa kule Asumbi, mwembamba, mwenye sauti ndogo isiyobishiwa. Aliwakusanya askari na wanakijiji waliokuja kusaidia.

"Sikilizeni. Twiga si ng'ombe. Akilala na dawa kwa muda mrefu, anakufa. Kwa hivyo akianguka tu, namdunga dawa ya kumwamsha papo hapo. Atakuwa macho, mnanielewa? Kitakachomzuia ni uzito. Twiga hawezi kusimama bila kurusha shingo, basi nataka watu wawili wazito wakae juu ya shingo mpaka nimalize. Na midomo ifungwe. Sitaki makelele."

Mzito wa kwanza alikuwa Joash, hilo halikuhitaji mjadala. Wa pili akaitwa Maurice, mwenye bucha pale Magunga, ambaye tangu kulipopambazuka alikuwa akijigamba kwamba mnyama wa kumtisha yeye bado hajazaliwa.

Sindano ilimpata Nyar Soi begani. Alikimbia kidogo, kisha akaanza kuinua miguu juu juu kama mlevi anayevuka mtaro. Wanaume wakapita mbele yake na kamba, wakamkinga nayo kifuani, wakavuta. Akaanguka kwa kishindo. Rispa akakimbilia mshipa wa shingo na dawa ya kuamsha, Joash akaketi nyuma ya kichwa na kumfunika macho kwa sweta yake, Maurice akaketi nyuma ya Joash. Mambo yakawa shwari. Halafu Nyar Soi akazinduka na kupiga teke moja hewani, Maurice akaona kwato lenye upana wa sahani ya ugali, na bucha ikabaki bila mwenyewe. Mara ya mwisho alionekana akielekea Homa Bay kwa miguu.

"Mzito mwingine!" Rispa aliita kwa sauti ya chini, huku Joash akirushwa juu na chini. "Haraka, jamani!"

Waliobaki wote walikuwa kwenye kamba, na kamba haiachiliwi. Ndipo mwanamke mmoja akajitenga na wenzake waliokuwa wakitazama kutoka kwenye lori la askari. Alikuwa mnene, kifua mbele, akikaza leso kiunoni. Joash akageuka. Uwi! Mama Caren.

Makalio ya Joash yaliinuka yenyewe, hakuyatuma. Shingo nayo ikainuka.

"Kaa chini!" Rispa alifoka. "Utamuua!"

"Daktari, huyo ni maro."

Rispa naye alikuwa Mjaluo, hakuhitaji kuelezwa. Alijishika kichwa. "Yawa! Na leo ndiyo siku!" Wanaume wa kamba wakatazama milima, kila mtu na mlima wake. Joash alimtazama twiga, akamtazama mkwewe, akatamani ardhi impasukie. Angekimbia kama Maurice, desturi ingesalimika na Nyar Soi angekufa. Alikaa. Alikaa huku aibu ikimchoma masikio.

"Mwambieni huyo mwanaume asigeuke," alisema Mama Caren, kama anayesema na hewa. Akageuza mgongo, akaketi. Shingo ikatulia tuli.

Rispa alikata waya kwa koleo, akauchomoa kwenye nyama polepole, akaosha kidonda na kukipulizia dawa ya zambarau. Hakuna aliyekohoa. Joash alisikia pumzi za mkwewe nyuma yake, akamwomba Mungu kila alichojua kuomba.

"Nikisema sasa, rukeni, mkimbilie upande wa mgongo wake," Rispa alisema. "Haya. Sasa!"

Joash aliruka. Mama Caren hakuweza, magoti yalikuwa yamekufa ganzi. Shingo ilipanda, ikambingirisha majanini karibu na miguu ya mbele, na Nyar Soi alikuwa tayari anajikusanya kuinuka. Joash aliangalia nyuma. Desturi ilikuwa wapi wakati huo? Alirudi mbio, akamshika mama mkwe wake mikono yote miwili, akamvuta kama gunia la mahindi, wakaanguka pamoja. Kwato likatua pale pale alipokuwa amelala.

Nyar Soi alisimama. Alichechemea, akasita, akakanyaga kwa mguu ule mbovu, ukamhimili. Mtoto akatoka mbio kwenye migunga na kusukuma kichwa chini ya tumbo lake. Joash aliwatazama kwa raha ya kumtoa mtu machozi, kisha akakumbuka amemshika nani. Alimwachilia kama kaa la moto. Huyu akaenda huku, yule kule, wakapeana migongo.

"Daktari," Mama Caren aliita bila kugeuka, "umeona mtu akinishika?"

"Mimi nilikuwa naangalia twiga, Mama."

"Na nyinyi?"

"Sisi tulikuwa tunakunja kamba," walijibu wanaume.

"Vizuri. Hata mimi sikuona mtu." Alikung'uta leso, akaondoka hatua chache, akasimama, mgongo bado umewaelekea. "Lakini ukimpata huyo mtu ambaye sikumwona, mwambie kwamba binti yangu aliolewa vizuri."

Joash alibaki ameutazama mti uliokuwa mbele yake, akicheka peke yake, mpaka mkwewe alipofika mbali.