Ugali wa Wakwe

Eufrasia wa Nyegina hakuwa mtu wa kubisha hodi kwa jirani kuomba chumvi. Mwaka ule wa 1983, nchi nzima ikipanga foleni ya sabuni, yeye alifua kwa majani ya mpapai, na kanga yake ya kanisani ilikuwa safi kuliko ya mke wa mwenye duka. Alilijua hilo, na alipenda wengine walijue. Lakini vidonge havioti shambani.

Miaka miwili nyuma, alipomzika mumewe Kasmiri, alilala kitandani miezi minne, hasemi, hali mpaka alishwe. Daktari mmoja wa Musoma mjini akamwandikia vidonge vya kumeza kila jioni, na kweli vilimwinua. Akalima, akaanika dagaa, akamsomesha binti yake Marcelina hadi akapata mchumba, Makongoro, mwalimu wa Butiama. Sasa dawa zimeadimika kuliko sukari. Stanislausi, mganga wa zahanati, alimpa vidonge ishirini vya mwisho.

"Usiache ghafla, mama," alimwambia. "Watu wanaachaga siku moja, wanaanguka. Kata nusu, baadaye robo. Kichefuchefu kitakuja, jasho litakutoka, usingizi utaruka. Usiseme ugonjwa umerudi. Ni mwili unaaga dawa."

Akakata kwa wembe wa marehemu. Nusu zilipita salama. Robo ndizo zilizomtia adabu. Akiinama kuchota maji, ziwa lote lilizunguka. Mikono ilitetemeka, godoro lililowa jasho, na akisinzia aliota ndoto za kumchosha kuliko jembe. Kila asubuhi alijiuliza swali moja: hii ni dawa inaondoka, au ni ile huzuni inarudi?

Jibu alilipata mwenyewe, bila daktari. Huzuni ilikuwa imemnyima hamu ya kila kitu. Sasa alikuwa na hamu ya kila kitu, hata ya kugombana. Siku moja alimfokea jogoo, akamfokea katekista, akarudi nyumbani amefurahi.

Tatizo ni kwamba wakwe walikuwa wanakuja Jumamosi. Na kwao, siku wakwe wanapokula kwenu mara ya kwanza, ugali husongwa na mama mzazi, uani, wanawake wa upande wa pili wameketi kwenye mikeka wakitazama. Mgeni hagusi jiko. Mikono ikimtetemeka mbele yao, habari itafika Butiama kabla ya wao wenyewe: ukoo ule una wazimu, msichana aachwe.

"Nitasonga mimi, wifi," alisema Marieta, dada wa marehemu. "Tutasema una malaria."

"Wakioa kwa uongo, ukweli utawafuata hadi Butiama."

"Basi utatuaibisha peke yako." Marieta akaingia ndani kumsuka Marcelina, akafunga mlango.

Hivyo Jumamosi Eufrasia akasimama peke yake mbele ya sufuria kubwa ya udaga, ule unga wa muhogo uliovundikwa, aliouchanganya na mtama. Ugali huo ukikaza, hata kijana mwenye nguvu huhema. Mbele yake wageni wanane, na katikati yao Boke, mama yake Makongoro, mwanamke mpana asiyecheka ovyo. Eufrasia akasonga. Alipogeuza mwiko mara ya kumi hivi, kichwa kikazunguka, jasho likamtiririka hadi kidevuni, sufuria ikayumba juu ya mafiga. Akaacha. Mwiko ukabaki umesimama ndani ya ugali, na mikono yake ikitetemeka mbele ya macho kumi na sita.

"Unaumwa, mama?" Boke aliuliza.

Angeweza kusema malaria. Neno lilikuwa karibu kabisa.

"Siumwi. Niliumwaga," alisema. "Nilipofiwa nililala miezi minne, nikapewa vidonge, vikaniinua. Vimekwisha nchini, naviacha kidogo kidogo, na mwili unalalamika. Tangu hapo binti yangu hajalala njaa hata siku moja kwa mikono hii mnayoiona. Kama mnatafuta ukoo usiowahi kulia, barabara ya Kiabakari ya kuwarudisha kwenu ile pale."

Wageni wakamtazama Boke, maana neno lilikuwa lake. Boke akainuka taratibu, akajifunga kanga kiunoni, akaipita mikeka yote hadi jikoni, mahali ambapo mguu wa mkwe haukutakiwa kufika. Akaokota vitambaa viwili, akachuchumaa, akanyoosha mkono kuuchukua mwiko.

Eufrasia aliona fahari ikimpanda kifuani, fahari ya zamani, ile ya kabla ya msiba. Akaushika mwiko yeye.

"Shika sufuria tu, mkwe," alisema. "Kusonga ni kazi yangu."

Boke akashika sufuria kwa mikono miwili, akakaza miguu.