Marahaba Iliyochelewa

Kashindye nusura afukuzwe kazi kwa ajili ya "marahaba" moja ambayo haikuwa yake.

Kazi yenyewe ilikuwa ukarani wa mizani katika kinu cha pamba cha Bwana Mansukh, kando ya ziwa, maili saba kutoka Buzuruga. Kila asubuhi lori la kinu liliwabeba bure wafanyakazi walioishi huko. Usukani aliushika mnyapara Abeid, mtu wa miaka thelathini na mitano mwenye kitambi cha miaka hamsini. Naye alikuwa na sheria yake: hapandi mtu kabla hajamwamkia. Kwa vijana haikuwa neno. Lakini hata mzee Josephat, mtia mafuta mitambo, babu wa wajukuu kumi na mmoja, alisimama chini ya dirisha la lori, kofia mkononi, akamwambia mtu wa rika la mwanawe, "Shikamoo." Na Abeid alimchelewesha makusudi. Alisafisha kioo, akakohoa, akatazama ziwa, huku mzee amesimama tu, kwa kuwa aliyeamkia hana ruhusa ya kuondoka kabla hajaitikiwa.

Kashindye alikuwa na miaka kumi na minane. Shule ya bweni ilimpa vyeti viwili: kimoja cha hesabu, na kingine, ambacho hakikuandikwa popote, cha kuiga sauti za walimu. Asubuhi moja ya mwaka 1960, mzee Josephat alipoamkia na kimya kikaanza kurefuka, sauti ya Abeid ilisikika kutoka nyuma ya lori, nzito, ya puani: "Marahaba, mjukuu wangu. Umekunywa uji?"

Lori zima lilicheka. Mzee Josephat hakucheka. Abeid naye hakucheka.

Kesho yake lori lilimwacha Kashindye akiwa na mguu mmoja juu ya ngazi. Alikimbia maili saba akakuta lango limefungwa. Abeid akaandika jina lake katika daftari la wachelewaji. Wiki iliyofuata yakawa yale yale. Majina mawili. La tatu lilimaanisha kufukuzwa kazi na kurudi kwao Magu, kwa mama ambaye alikwisha kuutangazia mji mzima kwamba mwanawe anashika kalamu.

"Ukija kuniomba radhi, uje umepiga magoti," Abeid alimwambia.

"Magoti yangu yamechoka kukimbia, mnyapara," Kashindye akajibu, akaenda zake kutafakari kisasi kwa utulivu wa askofu.

Buzuruga ilijaa baiskeli. Kila mwenye shamba la pamba alinunua moja baada ya mavuno, akaifunga kitambaa kwenye mpini, akailaza ndani kama mgeni wa heshima. Ilitoka Jumapili tu, kwenda kuonekana. Wazo la kuipanda kwenda kazini, kwenye vumbi, lilikuwa karibu na matusi.

Kashindye aliita mkutano kibandani kwa Bernadeta, muuza uji. Aliandika katiba ya chama cha kwenda kazini kwa baiskeli, yenye vifungu saba. Cha kwanza kilisema kwamba baiskeli haiamkiwi.

"Yangu ni ya Jumapili," mmoja akasema.

"Na heshima yako je, ni ya siku gani?" mzee Josephat akauliza. Akanyanyuka na kwenda kuleta yake.

Jumatatu walitoka thelathini na mmoja, wakashika njia nyembamba ya ufukweni, kati ya mawe, mahali ambapo lori halipiti. Mzee Josephat aliongoza. Langoni alisimama Chenge, mlinzi asiye na saa, ambaye Abeid mwenyewe alimfundisha kazi: watu wa Buzuruga wakishaingia, funga, atakayebaki nje ni mchelewaji, hata awe Gavana. Chenge akahesabu vichwa thelathini na kimoja. Akafunga.

Lori lilifika baadaye, tupu, likipiga honi.

"Fungua, Chenge."

"Watu wameshaingia, mnyapara."

"Mimi si mtu?"

Chenge alifikiri kwa haki kabisa. "Ulisema hata awe Gavana."

Bwana Mansukh alikuwa barazani na kikombe cha chai. "Sheria ni yako, Abeid," akasema. "Andikeni." Chenge hakujua kuandika, kwa hiyo daftari akapewa karani wa mizani. Kashindye akachonga penseli kwanza. Aliandika kwa hati ile iliyompatia zawadi kidato cha pili.

Jumanne Abeid alisubiri Buzuruga mpaka jua likapanda, akiamini watachoka. Hawakuchoka. Jina la pili. Bwana Mansukh akaamuru lori likabebe pamba Magu, kwani halibebi tena mtu ila mmoja.

Jumatano alfajiri Abeid alitokea juu ya baiskeli ya kuazima, magoti yakigusa mpini.

"Naomba kujiunga," akasema bila kumtazama mtu.

Kashindye alifungua katiba kwa taadhima. "Kifungu cha saba. Mwanachama mpya hukaa mwisho wa msafara, na kabla ya kuvuka lango humwamkia mwanachama mkubwa kuliko wote."

Abeid akakubali.

Msafara ulifika langoni mapema. Mmoja mmoja waliingia, Chenge akihesabu. Mzee Josephat alibaki kizingitini, ameshika baiskeli yake. Abeid akashuka, jasho likimtiririka, akavua kofia.

"Shikamoo, mzee."

Mzee Josephat hakujibu. Alitoa kitambaa akafuta kengele yake. Akakohoa. Akageuka kutazama ziwa, kwa muda mrefu, kama anayehesabu mitumbwi. Jambo hili halikuwamo katika katiba, na Kashindye, mwandishi wake, aliinua shingo aone vizuri. Abeid alisimama. Angeweza kupita, nafasi ilikuwepo, hatua mbili tu. Lakini alikuwa ameamkia, na watu thelathini walikuwa wakimtazama.

Mzee akasukuma baiskeli yake, akaingia ndani.

"Thelathini na moja," Chenge akasema. Akafunga.

Ndipo mzee Josephat alipogeuka, akauweka uso wake karibu na nondo za lango.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema kwa upole. "Umekunywa uji?"

Kashindye alikuwa amekwisha kufungua daftari.