Pete Ambayo Haikuwepo

Wateja wa kinyozi huyu walimwita Bwana Tabasamu, na hakulikataa jina. Alikuwa mtu wa maneno mengi na kicheko cha karibu. Ukikaa kwenye kiti chake, kichwa kinanyolewa huku mbavu zinauma. Kumbe meno ya mbele yaliyompa jina hilo hayakuwa yake. Yalikuwa ya bandia, bamba dogo lililobana ufizi wa juu, na siri hiyo aliijua marehemu mkewe na daktari wa meno tu. Hata mwanawe wa pekee hakuwa na habari.

Siku ya kukutana na wakwe ilipofika, mwanawe alichagua mkahawa wa Kichina, ghorofani, Jumapili mchana. Baba wa binti aliyemchumbia alikuwa mfamasia, mtu mpole aliyeongea kama anayesoma maelekezo ya dawa. Mama wa binti alikuwa mwalimu mkuu, na hata siku ya mapumziko macho yake yalikuwa bado kazini.

"Baba, hapa hatuagizi sahani kubwa," kijana alimnong'oneza. "Ni dim sum. Vitu vidogo vidogo vya mvuke, tunakula pamoja."

"Mimi tena wa kufundishwa kula?"

Mhudumu wao, msichana mwembamba mwenye aproni nyeusi, alisukuma kigari kati ya meza, akifunua vikapu vya mianzi kimoja kimoja. Alikuwa mwepesi kweli: kikombe hakijakauka kimeshajazwa chai, kikapu kikiisha tu kimeshaondolewa. Wakala vifurushi vya kamba wa baharini vyenye ngozi nyembamba kama karatasi, wakala mikate myeupe laini yenye nyama ndani. Mfamasia vijiti vya kulia vilimshinda. Kifurushi kikamponyoka, kikatua kwenye kikombe cha mkewe, chubwi! Wote wakacheka, na Bwana Tabasamu akacheka kuwashinda, meno yote nje. Mambo yalikuwa yanateremka kama maji.

Kisha yakaja madonge ya unga wa mchele yaliyogaragazwa kwenye ufuta.

"Haya yananata, mzee," mhudumu alimwambia. "Ung'ate taratibu."

"Binti, meno haya yamevunja mifupa," akajibu, akalibana donge katikati.

Donge likagoma. Alipolivuta, alihisi bamba linaachia ufizi. Akajifanya amepaliwa, akanyakua karatasi ya kufutia mikono, akatema donge na meno pamoja, akaikunja na kuiweka kando ya kisahani. Nia yake ilikuwa aende nayo msalani akajitengeneze. Lakini mwalimu mkuu akawa ameshamgeukia.

"Haya, mkwe, hebu tuambie. Wewe harusi unaiona lini?"

Kinywa hakikufunguka. Akatikisa kichwa, akanywa chai, akatikisa tena. Alipotazama kando ya kisahani, karatasi haikuwepo. Kigari kilikuwa kinaingia mlango wa jikoni.

Aliinuka kwa kishindo hata kiti kikaanguka. Wote wakamkodolea macho. Akaziba mdomo kwa kiganja, akitafuta neno litakalopita kwenye kinywa chenye pengo bila kupiga mluzi.

"Pete," alisema. "Pete yangu. Yule... ameibeba."

"Ameiba?" mwalimu mkuu akauliza kwa sauti.

Hapo ndipo angeweza kusema hapana. Neno la hapana halina hata herufi ya kumsumbua. Lakini wakwe walikuwa wanamtazama mdomo, naye akaitikia kwa kichwa.

Msimamizi akaja, mhudumu akaitwa. Akaamriwa atoe vilivyomo mfukoni, naye akavitoa palepale mezani: kalamu, kitana, peremende. Meza za jirani ziliacha kula.

"Mimi sijachukua kitu cha mtu," msichana alisema. "Niruhusuni nikaangalie kwenye pipa."

Aliporudi mikono ilikuwa imelowa mchuzi hadi viwikoni, na ufuta umemganda kwenye mkono wa shati. Alishika ile karatasi. Hakuifungua. Alimwekea kinyozi kiganjani, akamkunjia vidole mwenyewe.

"Kilichokuwemo ni hiki, mzee."

Macho yao yakakutana, naye akajua kwamba msichana anajua.

"Ndiyo yenyewe?" msimamizi aliuliza. Kinyozi akaitikia tena. "Basi wewe vua aproni, nenda nyumbani. Tutazungumza kesho."

"Ameona atakamatwa, ndiyo maana amerudisha," mwalimu mkuu alimwambia mumewe. Kinyozi alilisikia hilo, akalimeza kama shubiri.

Msalani aliyasuuza meno na kuyarudisha mahali pake. Kwenye kioo tabasamu likajitokeza lenyewe, kwa mazoea, akaliona baya kupita pengo. Alipotoka, alimkuta msichana kwenye ujia wa jikoni akikunja aproni.

"Binti, nisamehe. Sasa hivi naenda kumweleza msimamizi wako."

"Mweleze." Hakuinua uso. "Ila mimi mwizi niliitwa kule mezani, mzee. Sikuitwa huku."

Alirudi mezani, lakini hakuketi. Alimwita msimamizi, akaomba na msichana aitwe. Kisha, mbele ya wakwe na mwanawe na binti atakayekuwa mkwewe, aliyatoa meno akayaweka kwenye kisahani kitupu.

"Hakuna pete," alisema. "Ni haya. Nilithema uongo. Binti huyu hakuiba kitu."

Mtu wa meza ya jirani akaangua kicheko. Kwenye meza yao hakucheka mtu. Msichana alikuwa amesimama na mkoba begani, na kinyozi akamwomba radhi kwa maneno yaliyopiga mluzi, akayarudia mpaka yakaeleweka. Msimamizi akamnyooshea aproni.

"Leo nimeambiwa niende nyumbani," msichana alisema. "Nitakuja kesho." Akashuka ngazi.

Mwalimu mkuu alikuwa ameweka vijiti chini. "Na mimi nimemwita mwizi," alisema, na kwa mara ya kwanza macho yake yalikosa pa kutazama. Mfamasia akasogeza kile kisahani taratibu. "Mkwe, vaa meno yako. Chai inapoa."

Garini kijana aliendesha mpaka karibu na nyumbani.

"Meno ningeelewa, baba," alisema hatimaye. "Ningekucheka siku moja, yakaisha."

"Najua, mwanangu."

"Umemwacha akachakure takataka."



Uchumba haukuvunjika, wakwe walisema mtu aliyejivua nguo hadharani hana haja ya kuchutamishwa. Lakini maneno hayo hayakumtuliza. Jumapili moja alirudi mkahawani peke yake. Msichana alikuwepo. Alimmiminia chai kama alivyowamiminia wengine, kwa wepesi uleule, akamwuliza anataka nini.

"Chochote utakachoniletea, binti."

"Chagua, mzee," akasema. "Wengine wanasubiri."

Akanyoosha kidole kwenye kikapu cha karibu, bila kuinua macho, wala hakujua amechagua nini.