Tumbo la Kishanda

Tumbo la Penina lilikuwa na vituko. Kwake Miembeni lilimsumbua mara moja moja, lakini akifika tu Kishanda kwa wakwe, linafunga kabisa! Linajaa gesi, linanyonga, choo hakuna. Na safari ya mwisho uji aliopikiwa na mama mkwe ulikuwa mchungu ajabu. Jamani, angefikiria nini?

"Mama yako ananiwekea kitu," alimwambia mumewe, Datius. "Sikanyagi tena kwake."

Maskini Datius, mke huku, mama kule, akanyong'onyea. Akampeleka hospitali. Vipimo vyote vikatoka safi, kisha Daktari Mwamvita akauliza swali la ajabu.

"Choo cha Kishanda kiko wapi?"

"Nyuma ya migomba. Ila njia inapita barazani, anapokaa baba mkwe."

"Kwa hiyo?"

"Nipite mbele yake na kopo la maji? Thubutu! Nabana mpaka turudi."

Daktari akacheka. "Utumbo wako hauna kidonda wala sumu. Una hisia kali, na unasukuma choo polepole. Hali hiyo unayo hata hapa mjini. Wasiwasi na kubana vinaichochea tu. Nitakupa dawa ya kulainisha choo. Kunywa maji, kula matunda, na haja ikikuita, itika."

"Na ule uchungu wa uji?"

"Huo kamuulize aliyeupika."

Udadisi ukamshinda Penina. Jumamosi akafunga safari peke yake, akamkuta mama mkwe, Benadetha, anamenya ndizi.

"Mama, uliweka nini kwenye uji wangu?"

"Mubilizi," akajibu bila kusita. "Majani ya kufungua tumbo. Mkamwana anakula, anakula, chooni haendi! Ningekuuliza vipi? Ungekufa kwa aibu."

Aibu ilimshika kweli, lakini si ya choo. Akapiga magoti, akasema yote aliyomwambia Datius. Benadetha akaweka kisu chini.

"Sumu, Penina? Mimi?"

Machozi yakamtoka Penina, na papo hapo tumbo likamkata. Akajishika. Mama mkwe akamtazama, akamsukumia kopo la maji.

"Nenda kwanza. Tutagombana ukirudi."

Baba mkwe, Mzee Kahigi, alikuwa barazani, kama kawaida. Penina akasimama mbele yake na kopo.

"Tata, napita chooni."

"Pita, mwanangu," alisema mzee bila hata kuinua macho. "Uuvute kwa nguvu ule mlango, unakwama."