Buti za Siku ya Arobaini na Moja

Jumatatu ya kwanza ya Machi, Lorna Haugstad alikuwa amepiga magoti katika duka la viatu, akipima buti la mvulana kwa kiganja chake. Theluji ya barabarani ilikuwa imechanganyika na matope, na mwenye duka alikuwa akisukuma maji nje kwa fagio. Alimwuliza mtoto anavaa namba ngapi. Lorna akasema mwaka jana alivaa saba, na miguu ya ukoo wao haina breki, kwa hiyo ampe tisa. Mwenye duka alimfahamu vizuri, na alikuwepo kwenye mazishi ya Emmett Haugstad miaka sita iliyopita, mtoto akiwa na miaka minane. Akamfungia namba tisa, akatia na jozi mbili za soksi za sufu.

Bunge la jimbo letu hukaa siku arobaini kwa mwaka, kuanzia Januari theluji ikiwa magotini hadi mwisho wa Machi. Siku za mwizi nazo ni arobaini, lakini hilo nawaachia wengine walisema. Waheshimiwa wetu ni watu wa adabu, wakulima na wauza matrekta, nao hawapendi kumwambia mtu hapana usoni. Kwa hiyo muswada wasioutaka hawaukatai. Huuahirisha hadi siku ya arobaini na moja. Siku hiyo haimo katika kalenda, na kila mtu katika jengo lile anajua kwamba muswada uliopelekwa huko umekwenda na maji.

Lorna hakujua. Yeye ni mpishi wa shule, na mpishi wa shule akitajiwa siku huiandika. Muswada wake wa kwanza ulikuwa wa mistari sita: nyumba yenye mtoto, bunduki ikae ndani ya kabati lenye kufuli. Hakutaka bunduki ya mtu ichukuliwe. Yeye mwenyewe alikuwa nayo moja, ya marehemu baba yake, akiisimamisha nyuma ya mlango wa jikoni karibu na fagio, na risasi ndani, kwa sababu ya mbweha waliokuwa wakimmalizia kuku. Emmett aliikuta hapo Jumamosi moja asubuhi, mama yake akiwa bandani anaokota mayai. Lorna aliieleza kamati habari hiyo kwa dakika tatu alizopewa, wala hakujitetea. Mwenyekiti, Seneta Merle Knudsvig, akafuta miwani, akamshukuru, na kamati ikaahirisha muswada hadi siku ya arobaini na moja. Lorna akaandika katika daftari lake, akahesabu kwa vidole, na siku ilipofika akavaa koti la kanisani akaenda.

Alimkuta bawabu, mzee Delbert Weisz, akifungua mlango mkubwa.

"Umepotea njia, mama?" akauliza Delbert.

"Nimeambiwa nije leo."

"Wote huambiwa, ila huwa hawaji. Pangusa viatu, nimetoka kupiga deki sasa hivi."

Delbert alikuwa akiifungua siku hiyo kwa miaka thelathini na moja. Kanuni za Bunge zinasema bawabu atafungua mlango siku yoyote ambayo shauri limeahirishiwa, na yeye si mtu wa kubishana na kanuni. Siku yenyewe huja baada ya Jumatatu ya mwisho ya Machi na kabla ya Jumanne. Asiye na shauri huivuka usingizini, akaamka Jumanne akiwa mzima.

Ukumbini viti vya waheshimiwa vilikuwa vitupu. Delbert alisimama mbele na rundo la karatasi, akasoma muswada mmoja mmoja, akauliza kama kuna anayepinga, akasikiliza kwa muda wa kutosha, kisha akagonga nyundo. Hakuna aliyepinga, kwa hiyo yote ilipita. Ulipita muswada wa kuifanya supu ya viazi na madonge ya unga kuwa chakula rasmi cha jimbo, ambao umeahirishwa tangu enzi za babu zetu, na sufuria ikaanza kutoa mvuke kwenye chumba cha pembeni kama sheria ilivyoagiza. Ulipita muswada wa kufuta desturi ya kusogeza saa mbele kila Machi. Delbert akapanda ngazi, akairudisha nyuma mishale ya saa ya ukutani, na siku ikapata saa moja zaidi. Kisha akausoma muswada wa Lorna.

Nyundo ilipogonga, mlango wa roshani ya wageni ulifunguka na Emmett akaingia. Alikuwa na nguo za kulalia zenye picha za matrekta, na soksi miguuni.

"Mama, nilitaka kuichukua bunduki ya babu," akasema, "lakini kabati lilikuwa limefungwa. Kuna chakula?"

Lorna alilia, na hilo tusilifiche, lakini alilia huku akimvua soksi, maana zilikuwa zimelowa na sakafu ya lile jengo ni ya mawe. Akazianika juu ya kipasha joto, akaifunika miguu ya mwanawe kwa koti la kanisani. Wakala supu. Emmett alimweleza habari za jino lililokuwa likilegea na za ndama aliyezaliwa na doa jicho moja. Walicheza karata kwenye meza ya waheshimiwa, Emmett akaiba karata kama kawaida yake, na Lorna akajifanya hakuona. Saa kumi na moja jioni Delbert akatikisa funguo. Sheria ilikuwa ya siku ile tu, ikaisha na siku yake. Emmett akatoka kwa mlango aliouingilia, na Jumanne Lorna alikuwa kazini saa kumi na mbili kasoro, akikaanga mayai ya watoto mia mbili.

Mwaka uliofuata aliuleta tena muswada, ukaahirishwa tena, naye akaja na buti namba mbili. Zilimbana, kwa sababu Emmett alikuwa amekua. Sheria ile ingemwacha hai, na mtoto aliye hai haachi kukua. Tangu hapo Lorna akawa anakisia kila Machi, mara azidishe, mara apunguze. Jioni watoto walipotoka, buti zilibaki zimepangwa mlangoni, naye huzirudisha nyumbani ndani ya mfuko wa sukari.

Nasema watoto, kwa sababu Emmett hakubaki peke yake. Mwaka wa pili walikuja wawili wengine, mmoja ana jezi ya mpira wa kikapu, mwingine amejifunga taulo. Mwaka wa tano walikuwa kumi na mmoja. Lorna aliwatambua baadhi yao kwa picha za gazetini, akawatafuta wazazi wao. Alimwendea baba mmoja, muuza mbegu, akamweleza siku, saa na mlango wa kuingilia. Yule baba alimkaribisha kahawa, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Asante, Lorna," akasema. "Lakini mimi nimewahi kukaa Bungeni mihula miwili. Siku hiyo haipo."

Akamsindikiza hadi kwenye gari, akamkwangulia barafu ya kioo. Mwanawe alikula supu sahani tatu mwaka ule, akauliza baba yake yuko wapi, na Lorna akamwambia yuko shambani. Uongo huo unamkera hadi leo.

Mwaka huu miswada ya bunduki ilikuwa saba. Wa kuruhusu bastola ndani ya jengo la Bunge ulipita kabla ya chai. Wa kufuta ada ya kibali ulipita pia. Mmoja wa kuwanyang'anya bunduki wanaopiga wake zao ulipelekwa kamati tatu, kila kamati ikausifu, kisha ukaenda kule kunakojulikana. Wa Lorna ulikuwa haujasikilizwa bado, na mara hii mambo yalikuwa tofauti: wabunge wawili wa zamani wa kamati walikuwa wamestaafu, na waliohesabu walisema ni watatu kwa watatu. Kura ya saba ilikuwa ya mwenyekiti.

Lorna alikwenda kwa Delbert akamwomba afungue kitabu cha kanuni. Delbert akamsomea mara mbili, polepole. Muswada uliopita siku ya kawaida hauahirishwi, kwa hiyo haumo katika shughuli za siku ya arobaini na moja. Na sheria ya siku za kawaida hairudi nyuma. Ikipita, watoto walio hai watalala salama kuanzia Julai. Waliokwisha kwenda hawatakuwa na mlango wa kuingilia.

"Emmett je?" akauliza Lorna.

"Hata Emmett, mama."

Alirudi nyumbani, akakaa jikoni na koti mwilini. Nisimsingizie wala nisimpambe: aliandika barua ya kuuondoa muswada. Aliitia katika bahasha, akailamba, akabandika stempu. Ilikaa mezani siku mbili, naye akipita anaigeuza ili asiione anwani. Siku ya tatu akiwa kazini aliwapakulia watoto wa darasa la kwanza, akajikuta anawahesabu, na alipofika kumi na mbili mkono ukasita na kijiko hewani. Jioni akaichana barua. Wiki hiyohiyo ndiyo aliyonunua zile buti namba tisa. Jumatatu alizinunua, Alhamisi akaenda kuomba zisihitajike.

Seneta Knudsvig alimngoja ukumbini kabla ya kikao, kikombe cha kahawa mkononi. Ni mtu mwema, nalisema bila kejeli. Lorna alipougua nimonia ndiye aliyemlishia kuku. Habari za siku ile alizijua kama wote mle ndani wanavyozijua siku hizi, kwa Delbert, na hakuona ajabu.

"Lorna, nikiupitisha huu, yule kijana atakwenda wapi?"

"Hatakwenda popote, mheshimiwa. Hatakuja tu."

"Na wewe utabaki na nini?"

"Mimi nimepata siku tano," akasema Lorna. "Wenzangu hawajapata hata moja. Upitishe, Merle. Nakuomba."

Alizungumza dakika zake tatu, akaketi. Kura zikapigwa, zikawa tatu kwa tatu. Mwenyekiti akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, na wote wakangoja. Akasema yeye ni babu wa wajukuu watano. Akasema amekaa na jambo hili usiku kucha, na ameona hawezi, yeye si mtu wa kumnyang'anya mama siku moja aliyobakiwa nayo. Machozi yalimlengalenga, wala hayakuwa ya kujifanya. Kwa huruma, akasema, muswada unaahirishwa hadi siku ya arobaini na moja. Wawili kati ya wale waliokuwa wakiupinga siku zote walikuja kumshika Lorna bega.

Lorna alifurahi. Alinieleza mwenyewe, wala hakunitazama alipokuwa akinieleza. Furaha ilikuja kwanza, kisha aibu ikaja ikakaa pamoja nayo. Hajui ipi ilikuwa kubwa. Alikunywa maji, akafunga daftari, akaenda kuwahi chakula cha mchana cha watoto.

Siku kumi na tisa baadaye gazeti lilikuwa na habari fupi kutoka mji mmoja wa magharibi, kwenye ranchi, ya msichana wa miaka sita. Lorna aliisoma amesimama. Akapanda kwenye dari, akashusha ule mfuko wa sukari.

Siku ya arobaini na moja Delbert alikuwa amepiga deki kama kawaida. Supu ilipita, saa ikarudi nyuma. Muswada wa kufuli ulisomwa, hakuna aliyepinga, nyundo ikagonga. Emmett aliingia wa kwanza, amempita mama yake kwa kichwa, sauti imeanza kukwaruza. Namba tisa zilimkaa sawasawa, zikabaki na nafasi ya kidole gumba. Alimbusu mama yake kwa haraka, kama wanavyofanya wavulana wa miaka kumi na minne, akaenda kugawa bakuli bila kuagizwa. Yule wa jezi alifuata, na yule wa taulo, na wengine, kila mmoja akichukua buti zake kwenye mstari.

Wa mwisho alikuwa msichana mdogo mwenye gauni la kulalia na miguu mitupu. Alisimama mlangoni akisugua unyayo mmoja juu ya mwingine kwa baridi. Akasema anaitwa Maren, na kwamba droo ya baba ilikuwa imefungwa na ufunguo. Kisha akauliza mama yake yuko wapi.

Lorna hakusema yuko shambani. Alimwambia mama yake hajui njia, na kwamba kesho atakwenda kumweleza. Akapiga magoti, akatoa chini ya mfuko buti namba mbili, zile za kwanza za Emmett, akamvisha soksi mpya za sufu, akasokota vipande vya gazeti akavitia nchani mwa kila buti. Akafunga kamba fundo mara mbili.

Maren alipiga hatua, buti zikaburuta sakafuni.

"Kubwa," akasema.

"Najua, mwanangu," akasema Lorna. "Mwakani zitakutosha."