Kipande cha Byabato Mzima

Gari la sinema la serikali lilifika kwetu Kamuli kabla ya masika, kahawa ikiwa bado mbichi matawini. Alikuja Bwana mmoja Mwingereza na mkalimani wake Anatory. Walitaka kutengeneza picha ya kufundisha watu wachemshe maji ya kunywa: mkulima mwenye nguvu zake anapuuza, anaugua, anakufa, anazikwa. Wakamchagua mume wangu Byabato, maana alijua kuigiza watu hata katekista akashindwa kuzuia kicheko kanisani.

Asubuhi Anatory alituambia kazi itaanza na mazishi.

"Mazishi ya nani?" akauliza mama mkwe wangu, Kokubanza.

"Ya Byabato, bibi. Jua la leo linafaa upande wa kaburi. Ugonjwa tutaupiga picha kesho. Uzima wake utakuwa wa mwisho."

"Mwanangu azikwe kabla hajaugua?"

Bwana akakaa juu ya sanduku lake akaeleza, Anatory akitufasiria kwa Kiswahili. Kwao Ulaya aliwahi kufanya kazi ya televisheni, sanduku lenye kioo ambalo watu huliwasha nyumbani. Kule mchezo huanza mwanzo ukaenda mpaka mwisho bila kusimama, na saa ileile unapocheka, mtu wa mbali anakuona ukicheka. Ukikosea, umekosea. Mchezo ukiisha, hakuna kinachobaki. Sinema siyo hivyo. Sinema huchukuliwa vipande vipande, chochote kianze, hurudiwa mpaka kipendeze, kisha mkasi huviweka mahali pake.

"Basi kwenye televisheni ningekufa mara moja," Byabato akasema.

"Na hapa?" nikamuuliza.

"Hapa nitakufa mpaka Bwana aridhike, mama Projest."

Tukacheka wote, isipokuwa mama yake.

Walichimba kaburi kwenye kibanja chetu, nyuma ya migomba, palepale tunapozika. Byabato akaviringishwa lubugo, ile nguo ya magome tunayozikia, akashushwa, akapandishwa, akashushwa tena. Kila alipopanda alikuwa na mzaha mwingine. Kisha mizaha ikamwishia. Mwishoni nilimwita, naye akabaki kimya na udongo kwenye kope, mpaka Anatory aliposema, "Imetosha, mzee," ndipo akafumbua macho.

Jioni Kokubanza akaleta shina la mgomba. Kwetu kaburi lililochimbwa halilali tupu. Likikosa mtu hupewa mgomba, likafukiwa. Bwana akakataa. Alilitaka shimo lilelile asubuhi, la sivyo vipande visingefanana.

"Mwachie, mama," Byabato akasema. "Kesho naugua, keshokutwa nimepona. Wenzangu wanakwenda kaburini, mimi natoka."

Neno hilo lilinituliza. Nikasali rozari nikijiambia kwamba kipande cha uzima kikishapigwa, mume wangu atakuwa ametoka huko alikoshushwa, amesimama mlangoni kwake. Sikutaka kingine.

Kesho yake wakamaliza vipande vya kaburini, Kokubanza akazika mgomba wake. Wakapiga ugonjwa. Byabato alitetemeka kitandani kwetu, Bwana akamsifu. Mashine ilipofungwa aliendelea kutetemeka.

Siku ya uzima mvua ikanyesha. Ikanyesha na siku iliyofuata. Bwana akatazama mawingu, akafunga masanduku yake.

Nilimfuata Anatory garini. "Baba, msimwache hivi. Mpigeni hata kidogo, amebeba mkungu tu."

"Hakuna mwanga, mama. Mvua zikiisha tutarudi."

"Mmemwacha kitandani."

"Ni picha tu, mama."

Homa haikutoka. Tulichemsha maji, tukamfikisha misheni, padri akampaka mafuta. Masika hayajaisha tukamzika kando ya ule mgomba.

Mwaka uliofuata gari lilirudi, wakatandaza shuka nyeupe uwanjani. Mimi sikutaka kwenda. Kokubanza akasema, "Nitamwona mwanangu, hata kama anakufa." Nikamshika mkono.

Taa zilipozimwa, Byabato akatokea kwenye migomba, mkungu begani, akicheka. Nyuma yake, mbele ya mlango wetu, kahawa imeanikwa kwenye jamvi. Kahawa ile niliichuma na Kokubanza, mimi nikiwa mjane tayari.

Niliitazama picha mpaka mwisho, kisha nikamwendea Anatory.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kile cha mkungu mlikipiga lini?"

"Mvua zilipokwisha, kama nilivyokuahidi. Hatukukukuta. Mzee alisema mko misa, wewe na bibi. Yuko wapi? Bwana anamsalimu."

"Alikuwaje?"

"Alikuwa na haraka. Akauliza kama hicho ndicho cha mwisho, Bwana akamwambia ndicho. Akashukuru, akaingia kwenye migomba."

Watu walikuwa wanapiga makofi wakitaka picha irudiwe.

"Mkirudia," nikamwambia, "ikateni hapo, akiwa na mkungu wake. Isiendelee."

"Haikatiki tena, mama. Imekwisha kuungwa. Uzima ndio mwanzo."

Mashine ikanguruma. Kokubanza alikuwa ameketi nyasini, uso umeinuliwa, akimngoja. Byabato akatokea, akacheka. Nikamwinua mama yake, tukaondoka tukiwa tumeyapa mgongo yale mengine.

Tulipofika kwenye migomba, watu uwanjani walikuwa wamenyamaza. Alikuwa ameanza kuugua.