Fundi wa Helikopta Kuukuu

Ijumaa, ibada ya kanisani Mesaimeer, huku Doha, ilipokwisha, Cornelius hakwenda na wenzake. Alishukia mtaa wa Fereej Bin Mahmoud, kwenye mkahawa wa chai, kuonana na Jenerali Ndirangu, mkubwa wake wa zamani jeshini kule nyumbani.

Marehemu Maurice alikuwa ameshatangulia kuketi. Usicheke. Tangu aanguke na helikopta yake, rubani huyo humfuata Cornelius popote, hata huku Uarabuni, anakaa kimya na magwanda yake. Jeshini kwao, fundi aliyetengeneza helikopta ndiye hupanda na rubani safari ya kwanza, asije akafanya kazi ya mzaha. Siku ile ya ajali Cornelius, fundi wake, alikuwa hoi kwa malaria, Maurice akapaa bila yeye.

Jenerali akavuta kiti kilekile cha Maurice. Cornelius akamwambia hapo pana mtu. Jenerali akakitazama kiti kitupu, akachukua kingine.

Ana maneno matamu, huyo! Alikuja Doha kuulizia helikopta mpya, bei zikamtoa jasho kuliko jua la huku. Zile kuukuu, alieleza, zikikarabatiwa zina miaka kumi bado, ila vipuri ni vya kuokoteza, na fundi anayezijua vizuri ni mmoja tu, Cornelius. Arudi nyumbani, apewe cheo.

Cornelius akakataa katakata. Moyoni alijua asiporudi zitaegeshwa, na bintiye Hannah, anayezirusha hizohizo, atabaki chini salama. Hannah akimchukia, potelea mbali.

"Basi tutatafuta mwingine," Jenerali akasema taratibu. "Zitaruka tu, Cornelius. Mpya hatuziwezi."

Kumbe hesabu ilishapigwa kitambo! Kilichobaki ni kuamua mkono wa nani utamtengenezea mwanawe helikopta. Alimtazama Maurice, Maurice naye akamkodolea macho.

"Nitarudi," akasema. "Ila kila safari ya kwanza, napanda na Hannah."

Jenerali akampa mkono, akaondoka akitabasamu kwa fedha alizoiokolea serikali.

Njiani Cornelius akampigia bintiye simu. Alitegemea shangwe. Hannah ni mtoto wa makeke, na tangu aanze kurusha hajawahi kulalamika, ukimuuliza hukwambia mambo shwari. Alipopewa habari, babake akamsikia akilia kwa kwikwi.

"Asante, Baba," akasema. "Nimekuwa nikiogopa sana."